Je, tela hili linaibeba boti yako? Namna ya kupima kabla ya kuingia barabarani

Boti nyingi za Unguja na Pemba huishi maisha yao majini na mchangani. Siku ya kuvutwa na gari huja mara chache: msimu wa kusi umeingia na mwenye boti anataka kuihamishia upande uliotulia, au faiba imepasuka na fundi yuko mjini, au boti imenunuliwa Mkokotoni na mwenyewe anakaa Fumba. Kwa kuwa siku yenyewe ni adimu, tela huwa la kuazima au la kukodi, na swali linaloulizwa ni moja tu: la futi ngapi?

Urefu tutaufikia, lakini si wa kuanza nao. Tela linaweza kuenea boti kwa futi zote na bado likakatika ekseli kwenye tuta la kwanza. Anza na kilo. Kilo zikikataa, hakuna haja ya kupoteza muda na hayo mengine.

Pata uzito wa kweli wa mzigo

Ukimuuliza muuzaji uzito wa boti atakutajia uzito wa ganda tupu, jipya, kavu. Wewe huvuti ganda tupu. Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachokuwa ndani siku ya safari.

Tuseme ni boti ya faiba ya futi 19, ya kupelekea wageni. Ganda kilo 480. Mashine ya nyuma ya nguvu farasi 40, ya kiharusi mbili (two-stroke), ni kilo 75 hivi. Petroli lita 50: lita moja ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo kilo 37 na ushei. Nanga, mnyororo wake na kamba, kilo 28. Maboya ya kuvaa, 15. Turubai na vyuma vyake, 30. Sanduku la barafu na vikorokoro, 25. Jumla ni kilo 690. Kisha ongeza asilimia 15 kwa usilolijua: maji yaliyonywewa na povu la chini ya sakafu, viraka vya faiba vya miaka yote, rangi juu ya rangi. Hapo umefika karibu na kilo 800, na boti bado ni ile ile uliyoambiwa ina kilo 480.

Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yakumbwe yote na kizibo kifunguliwe kabla boti haijapandishwa. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200, na ubaya wake zaidi ni kwamba maji hayatulii. Gari likifunga breki yanakimbilia omo, yaani mbele ya boti, likipanda mlima yanakimbilia tezi, yaani nyuma.

Boti ya mbao usiikisie kabisa. Mbao iliyokaa majini miezi ina uzito mwingine mbali na ile iliyokauka juani, na hakuna jedwali litakalokusaidia. Ipime. Ukipata mizani ya magari, vizuri: pima gari likiwa na tela lenye boti, kisha gari peke yake, toa. Ukikosa, azima mizani ya jukwaa, ile wanayopimia magunia ya karafuu au mchele, ili mradi uwezo wake unatosha. Boti ikiwa juu ya tela, weka mizani chini ya gurudumu moja, na chini ya gurudumu la pili weka mbao za kimo hicho hicho. Andika kilo, hamishia mizani upande wa pili, kisha chini ya shingo ya tela, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari. Jumlisha namba zote tatu. Hiyo ni boti pamoja na tela, na ndiyo namba utakayoifanyia kazi kuanzia hapa. Lakini usipime juu ya tela ambalo tayari unalitilia shaka. Kwa hilo tumia makisio ya karatasini kwanza.

Kibao cha tela kinasema nini

Tela la kiwandani lina kibao, kwa kawaida karibu na shingo. Namba inayosomwa vibaya kila siku ni ile kubwa. Kibao kikisema kilo 1000, maana yake ni tela na mzigo wake kwa pamoja, si mzigo peke yake. Tela lenyewe likiwa na kilo 250, mzigo unaoruhusiwa ni 750. Rudi kwenye boti yetu ya kilo 800: mtu aliyeambiwa ganda ni 480 ameona kibao cha 1000 akafurahi, kumbe amelizidisha kwa kilo 50 kabla hajatoka ufukweni. Boti hiyo pamoja na tela ni kilo 1050. Inataka tela lenye kibao cha 1200 au 1300, ibaki nafasi.

Tela lililotoka Ulaya huwa na mstari wa uzito wote, kisha mstari unaoanza na 0, ambao ni kikomo cha uzito unaokaa kwenye kirungu cha gari, kile kichwa cha chuma linapofungwa tela, kisha 1 kwa ekseli ya kwanza, na 2 kama kuna ya pili. La Marekani litaandikwa herufi GVWR, yaani huo huo uzito wote, na namba yake ni kwa paundi. Zidisha paundi kwa 0.45 upate kilo. Namba ya 3500 iliyogongwa kwenye ekseli ya Marekani ni kama kilo 1590, kwa hiyo usije ukaisoma kama kilo.

Tela lililochomelewa hapa hapa

Matela mengi tunayoazimana hayana kibao, kwa sababu hayakutoka kiwandani. Fundi amechukua ekseli ya gari bovu, akaunga bomba au chaneli, akatia springi alizopata. Sisemi hayafai. Nimeona ya mafundi wetu yaliyo imara kuliko ya kununuliwa, na nimeona mengine nisingeyapakia hata matofali. Lakini tela la namna hii huna wa kukuambia uwezo wake, inabidi uutafute kipande kwa kipande, na kipande dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Muulize aliyelitengeneza ekseli ni ya gari gani. Gari lenye kibao mlangoni mara nyingi huandikwa uzito unaoruhusiwa ekseli ya nyuma, na hicho ndicho kikomo chako hata kama fundi atakuapia. Kumbuka na umri wake: ekseli iliyokwisha fanya kazi miaka kumi na tano ndani ya gari haikuanza upya ilipofika kwenye tela.

Halafu lala chini uangalie. Mahali pa kutazama khasa ni pale vishikio vya springi vinapoungana na fremu, na pale shingo inapoungana na mwili wa tela. Ufa huanzia pembeni ya mshono wa kuchomelea. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaovuja kutoka kwenye rangi iliyo nzima. Ukiuona, kwangua rangi kwa msasa uufuate unapoishia. Rangi mpya iliyopakwa juzi sehemu hiyo tu ni sababu ya kukwangua zaidi.

Chuma cha boksi huoza kwa ndani, kwa sababu maji ya chumvi huingia na hayatoki. Nje kinang'aa, ndani kimebaki karatasi. Kigonge kwa nyundo ndogo kuanzia mwanzo hadi mwisho na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Hapo chokoa kwa bisibisi. Ikizama, mazungumzo yamekwisha.

Gari na kirungu chake

Kitabu cha gari kina namba mbili za kuvuta: tela lenye breki zake na tela lisilo nazo. Ya pili huwa ndogo mno ukilinganisha na ya kwanza, na matela yetu mengi hayana breki. Kwa kipimo cha kulinganisha, Ulaya tela linalozidi kilo 750 kwa uzito wote lazima liwe na breki zake. Mimi nakichukulia kipimo hicho kama ukuta. Tela la kilo 1050 lisilo na breki nyuma ya gari dogo kama Escudo litasukuma gari kila unapokanyaga breki, na mvua ikiwa imenyesha litalisukuma upande. Kwa mzigo huo tafuta pikapu kubwa au Land Cruiser, na tela lenye breki. Huko Pemba, barabara za milima na kona kama ilivyo kutoka Mkoani kupanda, hili halina mjadala. Unguja tambarare unaweza kudanganyika kwa muda.

Kirungu ni kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari, na kikombe cha tela hukikamata kwa juu. Vinafanana kwa macho lakini si saizi moja. Vipo vya milimita 50, vya Marekani vya inchi 2 ambavyo ni 50.8, na vya inchi moja na sehemu saba za nane, karibu 47.6. Kikombe cha 50 juu ya kirungu cha 47.6 kitafunga, kitaonekana kimekaa, kisha kitachomoka kwenye tuta. Kikombe cha 50 juu ya kirungu cha inchi 2 kwa kawaida hakishuki chote, na mtu hukigonga nyundo mpaka kikae, usigonge. Saizi imegongwa juu ya kirungu au ubavuni mwa kikombe. Ikiwa imefutika, pima kwa kalipa.

Ukishafunga, jaribu hivi: nyanyua shingo ya tela kwa jeki yake mpaka mgongo wa gari uanze kupanda pamoja nayo. Ukipanda, kikombe kimeshika. Kikitoka, umejua ukiwa bado umesimama. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka shingo iangukie juu yake isichimbe lami. Iache mirefu ya kutosha kupiga kona, isiburuze chini.

Boti inavyolala

Sasa ndipo urefu unapoingia. La muhimu ni kwamba tezi ifike mwisho wa tela na iegemee roli au mbao za mwisho kabisa. Mashine ya kilo 75 imening'inia nyuma. Ikiwa boti inapita tela kwa futi mbili, uzito huo wote unapinda faiba juu ya ncha ya ubao, na kila tuta ni pigo. Baadaye chini ya boti hubaki bonde dogo karibu na tezi, na boti huanza kuinamisha omo ikienda mbio, watu wakalaumu propela.

Omo kupita mbele ya tela kidogo hakuna neno, ili mradi haigusi gari kwenye kona kali. Pinda gari mpaka mwisho ukiwa uwanjani, kulia na kushoto, umuweke mtu aangalie.

Boti ya mbao hukaa juu ya mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chini. Mkuku ubebwe sehemu nyingi kadiri inavyowezekana, na mbao za pembeni kazi yake ni kuizuia isilale upande, zisibebe. Zikae chini ya mataruma, zile mbavu za ndani ya boti, si katikati ya taruma na taruma ambapo ubao uko peke yake. Kwa faiba, tafuta mahali penye mihimili ya ndani na uweke mbao zilizovishwa zulia hapo. Na boti ya mbao usiiache juu ya tela kavu siku nyingi kwa jua letu, kalafati, ile pamba iliyozibia nafasi za mbao, italegea na utakapoirudisha majini itavuja kila mshono.

Ngalawa, bila kuvunja matengo na ndubi, ile miti na mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, barabarani haina mahali. Fungua, funga juu, shughuli imekwisha.

Uzito wa shingoni

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayopindua magari. Uzito unaokaa kwenye kirungu uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya tela na mzigo kwa pamoja, bila kuvuka kikomo cha gari wala cha kirungu. Kwa mfano wetu wa kilo 1050, ni kati ya kilo 52 na 105. Nalenga 80.

Ukiwa mdogo mno, mzigo umelalia nyuma na tela huanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu zaidi kadiri mwendo unavyopanda. Ukiwa mkubwa mno, mgongo wa gari unachuchumaa, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii.

Kupima ni rahisi. Simamisha tela mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha tua shingo juu ya mizani ya kupimia watu, ikiwa kwenye kimo kile kile itakachokuwa nacho ikifungwa kwenye gari. Weka ubao juu ya mizani ili isipasuke. Soma.

Namba ikikataa, hesabu iko wazi. Tuseme kutoka ekseli hadi kikombe ni mita 4. Ukiisogeza boti ya kilo 700 mbele kwa sentimita 10 tu, shingoni panaongezeka kilo 17 na nusu. Ndiyo maana nguzo ya winchi, ile ya kuvutia boti juu ya tela, imefungwa kwa boliti na haikuchomelewa: ilegeze, isogeze mbele au nyuma, boti iifuate, mradi tezi isipoteze egemeo lake. Ikipoteza, hamisha ekseli badala ya boti, kama tela lina nafasi hiyo.

Mashine nayo ina mkono mrefu. Ikiwa imening'inia mita 1.8 nyuma ya ekseli, kuishusha na kuipakia kwenye pikapu kunaongeza karibu kilo 34 shingoni. Wengi hushusha mashine wakidhani wanapunguza mzigo tu, hawapimi tena, wakashangaa gari limechuchumaa. Mpangilio wowote ukibadilika, mizani irudi chini ya shingo. Tangi la petroli lililojaa kule tezi pia linahesabika, na safari ya barabarani haihitaji tangi lililojaa.

Matairi na beringi

Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uwezo, iliyoandikwa baada ya saizi. 80 ni kilo 450, 84 ni 500, 88 ni 560, 91 ni 615. Toa uzito wa shingoni kwenye jumla: 1050 kutoa 80 ni 970, kila tairi 485. Tairi la 80 halifai. La 84 linapita kwa kubana, la 88 ndilo la kuweka. Haya yote kwa upepo kamili ulioandikwa ubavuni, si ule wa kukadiria kwa teke.

Tairi la tela haliishi kwa kukwisha meno, hufa kwa jua na umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6 lishuku, na likiwa na nyufa ndogo ndogo ubavuni lisipande barabarani hata kama meno yanachoma mkono.

Beringi ndizo zinazotusumbua zaidi kwa sababu ya kuingiza tela baharini. Haabu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, inakuwa ya moto baada ya mwendo. Ukiizamisha ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Wiki mbili baadaye grisi imekuwa uji mweupe. Kwa hiyo ukifika ufukweni subiri zipoe kwanza. Hata hivyo mara nyingi unasubiri maji yajae.

Kwa tela la kuazima, nyanyua gurudumu kwa jeki, lizungushe na usikilize. Likikwaruza kama lina mchanga, fungua. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kaza au badilisha. Kisha fungua kofia ya haabu uchovye kidole: grisi safi ina rangi moja na inateleza, iliyoingiwa na maji ni nyeupe au ya kijivu, na ukiisugua baina ya vidole unasikia punje. Tumia grisi ya baharini, na baada ya kila kuzama suuza kwa maji baridi ya bomba.

Kufunga, na jaribio

Winchi ni ya kupandishia boti, haikuwekwa kuishikilia safarini. Omo ifungwe kwa mnyororo mwingine, tezi kwa mikanda miwili ya kukaza inayoshuka kwenye fremu yenyewe. Mashine inyanyuliwe na iwekewe mti wa kuishikilia, isitegemee ndoano yake. Taa ziwake zote. Plagi ichomolewe kabla tela halijaingia majini.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya asubuhi, barabara ikiwa tupu. Ukitoka Mkokotoni, simama Mahonda. Gusa kila haabu: joto la kuvumilika ni sawa, ukishindwa kuweka mkono usiendelee. Kaza nati za magurudumu na mikanda upya, maana vyote hulegea kilomita za mwanzo. Matuta yapite kwa mwendo wa mtu anayetembea, yakiwemo yale ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Tela likianza kutikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo kujaribu kulinyoosha. Likitulia simama, upime tena shingo.

Hesabu zikikataa

Punguza kwanza: mashine, petroli, nanga, turubai, vyote vipakiwe kwenye gari jingine, na upime upya. Bado ikizidi, kodi Fuso na uilaze boti juu ya magunia ya mchanga, mkuku ukiwa juu ya mbao. Utalipia vibarua wa kuinua lakini hutalipia ekseli. Na kama boti inaelea na bahari imetulia, angalia njia ya majini. Kutoka Kizimkazi hadi Fumba kwa siku njema ni mafuta na nahodha anayeijua njia, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko kukodi tela lenye breki na gari la kulivuta.